Kichwa cha Shaba cha Jaila

Wiki nzima mnanilaumu. Mnasema sina huruma, nimemwacha kijana wa watu ananing'inia juu ya shimo, nikafunga hadithi nikaenda zangu. Haya basi, hajaanguka. Nadhir bado yuko pale pale: kamba kifuani, mikono nyuma, kilemba chake mwenyewe kimeshindiliwa mdomoni asiweze kupiga ukelele. Chini ya miguu yake kiza kitupu. Ukitupa jiwe ndani ya shimo lile la Jaila, unachoka kusubiri mlio wake.

Na Ghanim bado kasimama ukingoni, jambia lake liko juu ya kamba.

"Kitunguu!"

Alisema kwa Kiarabu chao cha majabalini, akakirusha kile kitunguu kikampiga Turkiya kifuani.

"Nimekuuliza kichwa cha shaba kiko wapi. Ukanambia chini ya kiti, ndani ya kanga. Kiti nimekivunja. Kanga nimeifungua. Nimekuta kitunguu! Unanifanyia mzaha, wewe mwanamke, na ndugu yako yuko hapa?"

Turkiya akakitazama kitunguu mapajani mwake kama mtu anayetazama nyoka. Hakudanganya, maskini. Kichwa alikiweka yeye mwenyewe, kwa mikono yake, ndani ya ile kanga, chini ya kile kiti.

Kwa aliyekosa gazeti, nimweleze upesi. Turkiya ni binti wa mji wa Ibra, huko Omani, wazee wake walirudi kutoka Tabora, na kazi yake ni kutembeza wageni majabalini kuona magofu. Huko Jaila ipo minara ya wafu, ya mawe matupu bila ya udongo, imesimama tangu zamani hizo ambazo hakuna anayezijua. Siku moja jiwe lilidondoka ndani ya mnara mmoja, na nyuma yake kikatoka kichwa cha shaba, ukubwa wa chungwa. Kichwa cha mwanamke wa Kiyunani, nywele zimesukwa, pua imenyooka, macho matupu. Nani alikipandisha juu ya jabali la Sharqiyah kutoka huko Uyunani, Mungu ndiye ajuaye. Turkiya aliazimia kukipeleka Maskati kwa wenye kazi zao. Akamwambia mtu mmoja tu: mchumba wake, Yazeed, kijana wa Mudhaibi.

Huyo Yazeed ndiye tunayemsubiri. Ghanim alipompiga Nadhir jiwe la kisogo asubuhi ile, Turkiya alikimbilia kwenye kilima chenye mtandao akapiga simu mara moja. "Yazeed, njoo na polisi!" Hakuwahi zaidi ya hayo. Ghanim alimkamata kwa nywele.

Sasa amefungwa chini, ubavuni mwa Land Cruiser. Kushoto kwake Shangazi Shukriya, naye kafungwa. Kulia kwake mgeni wao, Bwana Kosta, Mgiriki mwenye kofia pana, pua inamchuruzika damu kwa kichwa alichopigwa na Ghanim. Gari limesimama baina ya shimo na mnara: pua imeelekea shimoni, nyuma imeelekea kimlango cha mnara. Kamba ya Nadhir imefungwa kwenye bampa la mbele. Breki ya mkono ilikufa tangu Ramadhani, ndiyo maana mbele ya matairi kumewekwa mawe.

Shikeni hayo, yatatufaa.

"Mara ya mwisho," Ghanim alisema. Akakata uzi mmoja wa kamba. Mmoja tu. Ulilia kama mtu anayefyatua ulimi.

Kule chini Nadhir akatoa sauti puani.

"Ya Ghanim, wallahi sijui!" Turkiya alipaza sauti. "Niue mimi! Mtoe yeye uniweke mimi!"

"Wewe ukifa nani atanionesha?"

Akakata uzi wa pili.

Hapo ndipo Shangazi Shukriya aliposogeza kichwa karibu na sikio la Turkiya. Huyu Shangazi ana duka la nguo Ibra, goti bovu, na mdomo usio na goti bovu. Akaanza kwa Kiswahili, kama wanavyofanya watu wetu wote wakiwa mbele ya watu wasiotakiwa kusikia.

"Turkiya mwanangu. Kitunguu nimekiweka mimi."

"Shangazi!"

"Sanamu ndani ya gari, mwanangu? Tunapanda majabali, tunapita kwenye maporomoko, na chini ya kiti tumekalia sanamu! Malaika gani atapanda gari hilo? Nilikitoa."

"Ndugu yangu anakufa, Shangazi! Umekitia wapi?"

"Nimekirudisha kwa wenyewe. Kimo ndani ya mnara huo nyuma yetu, mwisho kabisa, kwenye ukuta wa ndani. Nimekifunika mawe. Sema polepole."

"Niseme polepole kwa nini? Nani anajua Kiswahili juu ya jabali hili?"

Mtu akacheka.

Hakuwa Ghanim. Ghanim alikuwa anawatazama hajui hata wanasema nini. Kicheko kilitoka kulia, chini ya kofia pana.

Bwana Kosta akatikisa mabega, na kamba zikamdondoka kama shanga zilizokatika uzi. Hazikuwa zimefungwa. Akainuka. Akafuta damu ya pua kwa kiganja, akaitazama, akamtukana Ghanim kwa Kiarabu kwamba amempiga kweli wakati walikubaliana ampige kwa uongo.

Kisha akamgeukia Shangazi, akainama kwa adabu.

"Ahsante sana, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba," Shangazi alijibu. Ilimtoka yenyewe, kabla hajaing'ata.

Turkiya akamkodolea macho.

"Mimi mtu ya Kilosa," Kosta alisema. "Nimezaliwa mkongeni, baba yangu alikuwa msimamizi ya shamba. Kiswahili nimenyonya pamoja na maziwa. Siku zote hizi ndani ya gari mnanisema. Miguu yangu kama ya korongo. Mimi nanuka jibini. Na wewe, mama, kila siku kofia yangu, kofia yangu!"

"Kofia yenyewe mbaya," Shangazi alisema.

Kofi lilimpata shavuni, likamlaza ubavu. Akatema damu, na pamoja na damu kipande cha jino.

"Mbwa wewe!" Turkiya alifurukuta mpaka kamba zikamchana viwiko. "Mwanamke mkubwa huyo! Ana umri wa mama yako!"

"Mama yangu hakunisema kofia." Kosta akapaza sauti kwa Kiarabu. "Khalas, ya Ghanim. Nimejua kilipo. Kata kamba."

Ghanim hakukata.

"Nimekwambia kata!"

"Uliniambia nimtishe," Ghanim alisema. "Nimtundike, waogope, waseme. Wameshasema. Sasa tumtoe."

"Wameniona uso, wamelijua jina langu. Tumtoe aende wapi? Polisi?"

Ghanim akamtazama Shangazi aliyelala ubavu, damu inamtoka mdomoni. Mtu huyu wa majabali si malaika, msije mkampenda bure. Asubuhi ile alikuja kama kiongozi wa njia, akawaamkia, akaketi kwenye jamvi. Shangazi akammiminia kahawa kikombe baada ya kikombe mpaka alipokitikisa mwenyewe kuonesha imetosha. Akamlisha maandazi, akamwambia ale, mbona amekonda, hana mke? Naye akala. Kisha ndiyo akaokota jiwe.

"Nimekula kwao," alisema.

"Nini?"

"Mkono wa huyu bibi nimekula. Kumtisha mtoto wake, hilo nitajibu mwenyewe kwa Mola wangu. Lakini kumuua, na chakula chake bado kimo tumboni? Hilo kwetu halipo. Chukua kitu chako uende."

Akarudisha jambia alani.

Kosta hakubishana. Alipandisha mguu wa suruali, akatoa bastola soksini, akampiga Ghanim risasi kwa karibu.

Mlio ulizunguka jabali zima ukarudi. Ghanim alizunguka nao. Bega lake lilifumuka, kanzu yake ya dishdasha ikageuka nyekundu, akaanguka kifudifudi, kichwa kikigusa kabisa ukingo wa shimo. Hakutikisika tena. Kosta akamchomoa jambia kiunoni akalipachika kwenye mkanda wake mwenyewe, akamsukuma kwa buti atumbukie shimoni, asiweze. Ghanim alikuwa mzito kama gunia.

"Haya," Kosta alisema huku anahema. "Kwanza nikione kwa macho yangu. Mkinidanganya, nikitoka kamba hii naikata polepole, uzi uzi, na nyinyi mnatazama."

"Nenda katazame," Shangazi alisema pale chini alipolala.

Vimlango vya minara ile mmeshaviona kwenye picha. Mtu haingii akiwa amesimama, hata amepiga magoti haingii vizuri. Inabidi alale kwa tumbo ajiburure kama kenge. Kosta alivua kofia yake, akaiweka juu ya jiwe kwa uangalifu, akalala, akaingiza kichwa. Yakaingia mabega. Kikaingia kiuno. Zikabaki buti mbili. Buti nazo zikapotea.

"Shangazi," Turkiya alisema kwa sauti ya kufa. "Kwa nini ulisema? Akikipata anatuua sote."

"Hakipati."

"Vipi?"

"Hakimo."

Turkiya akageuza shingo.

"Unadhani mimi mtoto?" Shangazi alinong'ona, midomo imevimba. "Siku ya kwanza pale Ibra nilipomwambia Nadhir kuwa kofia ya huyu mzungu imekaa kama sufuria la kukaangia vitumbua, akaivua. Hapo hapo! Jua kali, akaivua akaiweka mapajani. Nikasema ee, kumbe! Nikawa namtukana kila siku kumpima, na kila siku masikio yanamwiva. Sasa leo nimemwambia tunachotaka akisikie. Hukunielewa nilipokwambia sema polepole? Nilitaka atege sikio."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Mbele yake? Kwa lugha gani? Kiarabu anajua, Kiswahili anajua. Nikuambie kwa miguu?"

Kutoka mnarani walisikia mawe yanapanguliwa na mtu anakohoa vumbi. Kosta keshafika ukuta wa ndani. Atachukua muda gani kujua kwamba kule hakuna kitu?

Turkiya alivuta kamba za mikono. Hazikulegea. Akazivuta tena, ngozi ikabanduka, damu ikateleza. Bado.

Mkono ukamshika.

Alikuwa Ghanim. Amejiburura kutoka ukingoni, njia nzima ameiacha nyekundu. Uso wake umekuwa wa majivu, lakini vidole vya mkono wa kushoto bado vinafanya kazi, na vifundo alivifunga yeye mwenyewe. Alivifungua upesi kuliko mtu mzima anavyofungua viatu.

"Funguo," alisema. Akatema damu. "Mfukoni mwangu."

Turkiya alitia mkono kwenye mfuko uliolowa, akazitoa funguo za gari zinateleza kama samaki. Aliruka kitini. Kiti chenyewe kimechanwa, springi zinamchoma mapaja. Akatia ufunguo.

Gari likakohoa, likazima.

Ndani ya mnara mawe yakanyamaza.

"Shangazi!" Sauti ya Kosta ilitoka kama inatoka tumboni mwa jabali. "Hapa hakuna kitu! Mama mwongo wewe! Hakuna kitu!"

"Tazama vizuri!" Shangazi alimjibu. "Upande wa kulia!"

Turkiya akatia ufunguo tena. Injini ikashika. Akakanyaga klachi, akaivuta gia nyuma, na hapo alikiona kwenye kioo kichwa cha Kosta, nywele zimejaa vumbi, kinachomoza kwenye kimlango, na mbele ya kichwa mdomo wa bastola.

Akaachia klachi.

Land Cruiser likaruka nyuma. Kamba ikakazika twang! Kule shimoni Nadhir akavutwa juu kwa nguvu moja, mgongo unasugua jabali. Kule mnarani Kosta aliona gari zima linamjia usoni, akarudi ndani kama kasa anavyorudisha kichwa. Bampa la nyuma likagonga mawe ya mnara, mawe yakalia, vumbi likaanguka, na kimlango kikazibwa. Hapana hata upenyo wa kupita paka.

"Umempata!" Shangazi alipiga kelele.

Lakini kamba haikufika mwisho. Gari limekwama kwenye mnara, haliwezi kurudi tena, na kichwa cha Nadhir bado kiko chini ya ukingo, urefu wa mkono. Macho yake yanatazama juu. Kamba inasuguana na jiwe kali la ukingoni, pale pale Ghanim alipokata nyuzi mbili. Ukafyatuka wa tatu.

Turkiya alitaka kushuka. Akakumbuka breki. Akiinua mguu tu, gari litavutwa mbele, matairi yameshayaacha mawe yake mbele kwa hatua kadhaa, na Nadhir atarudi chini kwa kishindo kitakachoimaliza kamba. Akabaki pale, mguu kwenye breki.

"Shangazi, mimi siwezi kutoka! Mvute wewe!"

"Nimefungwa, mwanangu!"

Pa! Kioo cha nyuma kikapasuka. Kosta anapiga risasi kutoka ndani, kupitia pengo la juu ya bampa. Pa! Risasi ikapita kwenye kiti cha pembeni, pamba ikaruka. Turkiya alijilaza juu ya gia, kichwa chini, mguu haukutoka kwenye breki. Pa! Kioo cha mbele nacho kikaota utando wa buibui. Kipande kikamchana sikio. Damu ya moto ikamwingia shingoni.

"Piga!" alimpigia kelele. "Piga zote! Zikiisha utakula mawe!"

Ghanim alikuwa ameshamfungua Shangazi. Wote wawili walikwenda ukingoni, mmoja anachechemea, mmoja anatambaa. Shangazi alilala kwa tumbo akamkamata Nadhir ukosi wa dishdasha. Ukosi ukachanika. Akamkamata nywele.

Uzi mwingine ukafyatuka.

"Kamba inakwisha!"

Ghanim alitazama jiwe linaloila kamba. Hakuwa na nguo ya kutandika, hakuwa na wakati. Aliusukuma mkono wake mbovu, ule wa bega lililopigwa risasi, akauingiza baina ya kamba na jiwe. Kamba ikaacha kuliwa na jiwe, ikala nyama. Alipiga ukelele ambao sitaki kuuandika. Lakini hakuutoa mkono.

"Vuta, ya bibi! Vuta!"

Shangazi akavuta kwa nywele. Nadhir akasukuma kwa vidole vya miguu, akatafuta ufa kwenye jabali, akaupata. Goti bovu la Shangazi likalia kama kuni kavu. Kikatoka kichwa, kikatoka kifua, kisha Nadhir akaanguka juu ya ardhi kama samaki juu ya jamvi, na Shangazi juu yake, analia na kumbusu na kumpiga makofi.

Alipotolewa kilemba mdomoni, neno la kwanza Nadhir hakusema alhamdulillahi. Alijitupa juu ya Ghanim, mikono bado imefungwa, akampiga kichwa cha uso.

"Huyu ndiye! Huyu ndiye aliyenitundika!"

"Ndiye," Shangazi alisema, anamvuta kwa mguu. "Na ndiye aliyekutoa. Utampiga kesho. Lala!"

Nadhir alilala. Hakuwa na jingine la kufanya, miguu haikumsikia. Alilala pale pale ukingoni, kifua kimechubuka chote.

Turkiya aliona hayo yote kupitia kioo kilichopasuka. Alilia kwa mara ya kwanza siku ile. Ndugu yake yu hai. Alitaka hilo tu, hakutaka shaba wala dhahabu ya Wayunani.

Kosta alikuwa amenyamaza. Ama risasi zimekwisha, ama anaweka akiba.

"Shangazi," Turkiya aliita kutoka kitini, "sasa niambie kweli. Kichwa kiko wapi?"

"Salama kabisa. Jana tulipopita Mudhaibi kula kwa mama mkwe wako, nilimpa Yazeed mkononi. Nikamwambia mwanangu, kiweke wewe, sisi tuna safari. Akakifungia ndani ya gari lake. Nisingelitaja jina lake hata wangenikata ulimi, wakamwendee yule kijana wa watu?"

Ndani ya mnara Kosta akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu anayejicheka mwenyewe.

"Yazeed!" alisema. "Yazeed ndiye aliyenileta kwenu! Yazeed ndiye aliyenitafutia Ghanim! Leo asubuhi kanipigia simu, kanambia wanacho wao, wabane tu, watasema. Na huku kinalala kwenye gari lake!"

"Mwongo," Turkiya alisema.

"Mimi mwongo, sawa. Muulize huyo niliyempiga risasi."

Turkiya akamtazama Ghanim. Ghanim aliegemea jiwe, mkono wake umekuwa kitu ambacho si mkono tena. Hakuelewa Kiswahili, lakini jina alilisikia. Akaitikia kwa kichwa polepole: ndiyo. Kisha akanyoosha kidole cha mkono mzima kuelekea bondeni.

Vumbi. Gari linapanda.

Lilikuwa la Yazeed. Na nyuma yake hapakuwa na gari la polisi, wala la mtu mwingine yeyote.

Alisimamisha upande wa pili wa shimo, akashuka. Dishdasha jeupe limepigwa pasi, kilemba kimefungwa vizuri kama anakwenda kusoma hutuba. Mkononi ana bunduki. Alizunguka shimo bila ya haraka. Hakumuuliza Nadhir umeumia wapi. Hakumuuliza Shangazi nani kakuvunja jino. Alihesabu nyuso zao kwa macho, kama mtu anayehesabu mbuzi waliorudi ilhali alitarajia hatarudi hata mmoja.

Ghanim akainua kidole. "Ya Yazeed, uliniambia hakuna atakayek..."

Yazeed alimpiga risasi ya kifua. Ghanim alikaa vile vile kwenye jiwe lake, kidole bado kimeinuka. Kisha kikashuka.



"Turkiya, habibti," Yazeed alisema kwa upole, na akaja kusimama mbele ya gari. "Zima gari ushuke. Kumetokea msiba mkubwa hapa. Mgeni amewaua watu, nami nimechelewa. Ndivyo itakavyokuwa."

Akaigeuza bunduki. Akaielekeza kwa Nadhir, aliyelala nyuma yake, miguu haimsikii, mikono imefungwa.

"Ushuke sasa, la sivyo naanza na huyu."

"Turkiya." Hii ilikuwa sauti nyingine, ya chini, kutoka mnarani nyuma ya mgongo wake. Kosta hakuwa anacheka tena. "Sogeza gari mbele kidogo tu. Nina risasi moja. Nakuapia kwa kaburi la baba yangu Kilosa, hiyo si yako."

Turkiya aliyafuta machozi na damu kwa mkono mmoja. Nyuma yake yuko aliyetaka kumuua ndugu yake, na anaomba afunguliwe. Mbele yake yuko aliyemvisha pete. Nyuma ya Yazeed, Nadhir. Nyuma ya Nadhir, shimo. Na gari halina breki ya mkono.

Mguu wake ulikuwa bado kwenye breki.

Akakanyaga klachi, akatia gia ya mbele.